Wimbo wa Tisa Alioimba Mtu Mwingine

Mpiga kinanda na dada yake walikisoma kitabu kile tangu utotoni, mpaka jalada likang'oka. Ilikuwa riwaya ya zamani kuhusu watu waliohamia chini ya ardhi baada ya jua kupoa. Ukubwani wakaamua kuitungia albamu: sura tisa, nyimbo tisa. Yeye apige, dada aimbe.

Walikuwa wamemaliza wimbo wa nane daktari alipokata shauri. Uvimbe wa kooni mwa dada lazima utolewe, na sauti itakwenda nao.

"Basi tuuwahi wa tisa," dada alisema, koo limeshaanza kukwaruza.

Wakajifungia studio siku tatu. Kila dada akifika kwenye kiitikio, pale bibi wa mwisho aliyewahi kuliona jua anapowasimulia wajukuu, sauti ilimkatikia. Siku ya tatu akavua vipokea sauti vya masikioni, akaviweka taratibu juu ya kinanda.

"Albamu iishie wa nane, mdogo wangu. Huo usimpe mtu."

"Simpi mtu, dada."

Dada akapasuliwa. Akarudi nyumbani na kitambaa shingoni na daftari mkononi. Maneno yake yote sasa yakawa yanapitia kwenye kalamu.

Mpiga kinanda hakutulia. Hadithi iliyokatwa njiani ilimkereketa. Mwezi wa pili tangu upasuaji akamwita binti wa kwaya, ambaye sauti yake na ya dada ungedhani zimezaliwa tumbo moja. Akaimba mara moja tu, wimbo ukatoka safi. Alipanga kumweleza dada kabla albamu haijatoka, lakini akawa anajipiga danadana: leo amechoka, kesho ana kliniki.

Redio ikamtangulia. Walikuwa mezani wanakunywa chai.

"Sikilizeni huu wa tisa," mtangazaji alisema. "Dada huyu hajawahi kuimba hivi!"

Dada akasikiliza mpaka noti ya mwisho, hata kikombe hakukigusa. Kisha akaandika: "Nani huyo?"

"Binti mmoja wa kwaya. Nisamehe, dada. Nilitaka kitabu kifike mwisho."

Dada akageuza ukurasa. "Ameniweza," akaandika. "Watu wamjue."

Siku hiyo hiyo mpiga kinanda akapiga simu redioni kusahihisha, na jalada la albamu likachapwa upya likiwa na jina la binti. Watu wakamsifu kwa uungwana. Nyumbani dada hakumnunia. Asubuhi alimmiminia chai kama kawaida. Ila mdogo wake akikifungua kinanda tu, dada alisimama, akatoka kwenda uani, akaurudishia mlango nyuma yake bila kishindo.