Kidimbwi Chini ya Daraja la Reli

Verlin aliukata mshipi wangu kwa kisu, samaki akiwa bado anavuta. Fimbo ya kuvulia ikawa nyepesi ghafla mikononi mwangu. Katikati ya kidimbwi cha mto, chini ya daraja la reli, mgongo wa fedha uligeuka mara moja, ukazama.

"Umevuka upande wangu," alisema.

"Upande wako ni upi?"

"Ule uliokuwa wangu kabla hujamwacha mwanangu."

Ilikuwa Februari, katika bonde letu la Oregon, majira ambayo stilihedi, samaki wakubwa wa jamii ya trauti, hupanda mto kutoka baharini. Nilikuwa nimeachana na mume wangu, Royce, kwa miaka miwili. Nyumba alibaki nayo, mbwa alibaki naye. Mto nilikataa kumwachia baba yake, Verlin. Yeye alivua kwa chambo cha mayai halisi ya samoni, yaliyomnukisha hadi kanisani. Mimi nilitumia shanga zenye uzito, rangi ya chungwa lililofifia. Ushanga kama huo hauhitaji kufungiwa kipande cha risasi cha kuuzamisha. Hushuka wenyewe, ukabingirika juu ya changarawe kama yai lililochukuliwa na maji, na mkono ukahisi kila jiwe.

"Mapambo hayo," alipenda kuniambia watu wakisikia. "Nenda ukayavae dansini, bibie."

Lakini nilimshinda, wiki baada ya wiki, na hilo hakuweza kulimeza.

Asubuhi ile, baada ya kunikatia mshipi, alirusha mshipi wake, ukanasa mwambani, ukakatika. Akatoa ndoana mpya. Nikamtazama akiuelekeza mshipi kwenye tundu lake. Akakosa. Akailamba ncha ya mshipi, akaiinua ndoana kuelekea angani, akakosa tena. Alipokosa mara ya saba ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akimfukuza kila mtu aliyesimama karibu naye.

"Unatazama nini?"

"Huoni, Verlin."

Akaificha ndoana kiganjani.

"Jua linanipiga machoni."

Mawingu yalikuwa yamelalia vilele vya miti.

"Umekuja unaendesha gari mwenyewe?"

"Miaka hamsini naendesha mwenyewe." Kisha, kwa sauti ya chini: "Royce asijue."

Ningeweza kumfungia ile ndoana. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Badala yake nilikusanya vitu vyangu, nikapanda hadi barabarani, nikampigia Royce simu. Nilimweleza kwamba baba yake haoni na bado anaendesha gari, na juu ya basi la shule linalosimama kwenye kona karibu na nyumbani kwake. Nilichosema kilikuwa kweli, chote. Lakini wakati nakisema nilikuwa nakitazama kile kidimbwi kwa chini, nachagua pa kusimama.

Royce alimnyang'anya baba yake funguo za gari jioni hiyohiyo. Kuanzia siku ile nilivua pale peke yangu, na nilipata samaki wengi kuliko mwaka wowote.

Majira ya baridi yaliyofuata nilimkuta Verlin nje ya duka la vyakula, ameketi ndani ya gari la Royce, kioo kimeshushwa. Nikamsalimu. Aligeuka, akatazama mahali fulani kando ya sikio langu.

"Mto ukoje?"

"Umeshuka. Maji yamekuwa ya kijani."

"Basi samaki wameshapanda," alisema. "Haya, toka hapa."

Akakitafuta kitufe cha kupandishia kioo kwa vidole, na ilimchukua muda kukipata.