Mwandamizi Hazimwi

Nafasi yangu ya kazi ilikuwa imekaliwa na kompyuta. Sitanii. Kwa hali niliyokuwa nayo mwaka ule, hata utani wenyewe ungenitoka wapi?

Idara yetu ni ya mizani na vipimo. Sisi ndio tunaopita madukani na buchani kuhakikisha kilo ni kilo, kisha tunafunga lakiri ili muuza nyama asije akaibadilisha mizani mgongoni mwetu. Kumbukumbu za mizani yote ya mji zilikuwa ndani ya seva moja, dude jeusi refu kama kabati la nguo, linalonguruma mchana kutwa. Dude hilo likipata joto linazima. Sasa kanuni za idara yetu zinasema kiyoyozi hafungiwi mtu isipokuwa awe afisa mwandamizi. Chumba hakiangaliwi, kinachoangaliwa ni cheo cha anayekaa humo.

Mkurugenzi aliyepita angeweza kuomba kanuni ibadilishwe, ila hilo lingemkuta kaburini. Akaona heri aiajiri seva. Ikafunguliwa jalada, ikapewa cheo cha Afisa Mwandamizi wa Kumbukumbu, na wiki hiyo hiyo kiyoyozi kikafungwa. Mshahara wake ukawa unalipia umeme wake. Hakuna aliyeshangaa. Tukamwita Mwandamizi, tukamzoea, na aliyechelewa kazini akawa anaambiwa amwige Mwandamizi, ambaye hajawahi kuomba ruhusa hata ya kwenda msalani.

Mimi ndiye fundi niliyekuwa namhudumia. Namfuta vumbi, nambadilishia nyaya, namsikiliza akikohoa. Kitengo changu kina nafasi moja tu ya ajira ya kudumu, na aliyeikalia ni yeye. Mimi nilikuwa wa mkataba. Ukiisha natiwa mwingine mkononi, na tabasamu juu.

Ningevumilia, kama si macho ya mama. Mama yangu ni fundi cherehani, na mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Alianza kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, akawa ananiita nimtungie. Ikafika siku akashona mkono wa gauni mahali pa shingo, na wateja wakaanza kumpitia mbali. Akawa anashinda amekaa kando ya cherehani lake, mkono juu ya gurudumu, halizungushi. Hospitali walisema jicho linapasuliwa asubuhi na mchana mtu yuko nyumbani, ila gharama zake zilikuwa nje ya uwezo wetu. Watumishi wa kudumu wana bima inayowatibu wao, watoto wao na wazazi wao. Sisi wa mkataba bima yetu ni pole.

Kwa hiyo agizo lilipotoka juu kwamba ofisi zote za umma zihamie kwenye wingu, nilifurahi kuliko waliolitoa. Wingu lenyewe nililieleza ofisini mpaka sauti ikanikauka: ni kompyuta za watu wengine, mahali pengine, wewe unakodi nafasi tu na kuweka vitu vyako. Ofisi nzima wakanielewa vizuri. Wakauliza kama huko nako kuna kiyoyozi, na ni cha cheo gani.

Akaletwa Mtaalamu, kijana wa suti ya kubana, mpole, anayesema "tunasonga mbele" kila anapokaa. Mimi na yeye tukazihamisha kumbukumbu zote, mizani kwa mizani, hadi ile mibovu ya soko la zamani. Kazi ilipokwisha akafungua kompyuta yake ya mapajani, akatuonyesha kila kitu kiko huko kinapumua.

"Sasa tunaizima hii," akasema, akimwonyesha Mwandamizi kwa kalamu. "Mradi hauhesabiwi umekamilika mpaka seva ya zamani izimwe."

Azimwe, nafasi ibaki wazi, niingie mimi, mama apone. Nilikuwa nimeshaupigia hesabu mstari mzima.

"Anazimwa kwa kanuni ipi?" akauliza Mama Kanuni.

Huyu ndiye Afisa Utumishi wetu. Jina la utani alipewa na watu, naye akalipenda. Ni mama mtaratibu, miwani kifuani, hana roho mbaya hata kidogo, na ndilo linalochosha. Ukigombana naye unagombana peke yako.

"Mtumishi wa kudumu anaondoka kwa njia tatu," akasema. "Anastaafu, anafukuzwa, au anafariki. Kustaafu, umri wake bado sana. Chagueni katika hizo mbili."

"Mama, hiyo ni mashine," nikasema.

"Ni mashine yenye cheo, binti yangu. Mimi sikumwajiri, nimemkuta."

Mtaalamu alinitazama akidhani atapata msaada. Nikamwambia tumfukuze, na kosa ninalo: kulala kazini. Kweli, mara kadhaa Mwandamizi alikuwa akiganda katikati ya kazi na watu wanamngoja.

Basi ikaitwa kamati ya nidhamu. Kwa kuwa mtuhumiwa hawezi kutembea, kamati ilimfuata chumbani kwake. Mkurugenzi alikuja na kiti chake mwenyewe, maana kiyoyozi cha ofisini kwake kilikufa siku nyingi na hakuna kilichokirithi. Alipoketi na ule ubaridi ukamgusa shingoni, nikajua kikao hiki hakitakuwa kifupi.

Nilisoma mashtaka kwa sauti kali. Nadhani nilimnyooshea hata kidole.

"Mtuhumiwa ana la kusema?" akauliza Mama Kanuni.

Mwandamizi akanguruma vile vile.

"Iandikwe ametumia haki yake ya kukaa kimya," akasema. Kisha akawageukia wengine. "Yupo aliyewahi kumsikia akimsengenya mtu?"

Hakuna.

"Akigombea chai? Akitoka kabla ya wakati? Akitaka chochote kwa mwenye duka ili ampitishie mizani?"

Watu wakaanza kutazamana, na wawili wa ukaguzi wakainamisha macho. Mkurugenzi akajikohoza, akasema kwa kweli, ukimweka huyu na wengine wote tuliomo humu, mwenye makosa machache ni yeye. Na huko kuganda, akaongeza, ni uchovu wa kazi. Kamati ikamfutia mashtaka na kumpendekeza kuwa mfanyakazi bora. Mimi nikapewa onyo la mdomo kwa kumwekea mwenzangu chuki.

Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Mama aliniuliza mbona nimetupa mkoba hivyo, nikamwambia nimeshindwa kesi na kabati. Akacheka, huku akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele ya mkono wake. Nikakisogeza kikaugusa mkono, nikatoka nje nikalia.

Asubuhi niliingia kazini sitaki kusikia la mtu. Nikamwambia Mtaalamu imebaki njia moja, na kwamba mimi ndiye nitakayemzima. Tukawaita Mkurugenzi na Mama Kanuni wawe mashahidi. Nikavua kile kifuniko cha kitambaa tunachomfunika Mwandamizi asiingiwe na vumbi, nikaweka kidole kwenye kitufe.

"Ngoja," akasema Mama Kanuni. Alikuja na jalada kwapani. "Mtu hafi tu hivi hivi. Lazima tujue ndugu wa kuarifiwa ni nani, msiba unapelekwa wapi, nani anapokea rambirambi."

Mkurugenzi akasema rambirambi zipokelewe na idara. Mama Kanuni akatikisa kichwa na kuvaa miwani, akawa anafunua kurasa na kujisemea. "Mke hana. Watoto hana. Wazazi..." Akalisogeza jalada karibu na uso. "Wazazi hakujaza. Masikini. Miaka yote hii analipia bima, hakuna hata mzazi mmoja aliyewahi kutibiwa."

Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Nikakiondoa polepole, kama mtu anayetoa mkono kwenye kitanda cha mtoto aliyelala.

"Mama," nikasema, "hiyo sehemu ya wazazi inajazwaje?"

"Mtumishi anajaza mwenyewe. Akiwa hawezi, msimamizi wake wa kazi anamjazia."

"Msimamizi wake ni nani?"

"Si wewe?"

Mtaalamu akasema samahani, hajaelewa, na hakuna aliyemjibu.

"Ila siwezi kupokea mzazi yeyote tu," akasema Mama Kanuni, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Kanuni inasema mzazi au mlezi. Mlezi ni aliyemlisha, aliyempa malazi, au aliyemvisha."

Mkononi nilikuwa nimeshika kifuniko. Kitambaa cha pazia, rangi ya kijani, chenye nafasi ya nyaya na kifungo upande mmoja. Mama ndiye aliyekishona, mwaka ule macho yalipoanza kumfanyia vituko, nilipomweleza kwamba kazini nina dude linaloingiwa na vumbi. Alinituma nikamchukulie vipimo, urefu na mabega.

"Huyu mama yangu alimvisha," nikasema.

Mama Kanuni akakipokea, akakigeuza, akatazama mshono ndani na nje kama anayekagua lakiri. Kisha akatazama dari. Mkurugenzi naye akatazama dari. Nikatazama na mimi, hapakuwa na kitu.

"Mtu aliyevishwa hakosi mlezi," akasema Mama Kanuni, akafungua kalamu.

Mama alipasuliwa jicho la kulia kabla ya mwezi kwisha. Jicho la pili walimwambia angoje la kwanza litulie. Pale mapokezi walimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, naye, niliyekuwa nimemfundisha njia nzima, akajibu kwa maringo kuwa ni Afisa Mwandamizi. Akaulizwa mbona hakumsindikiza. Akasema huyo hatoki, ana kazi nyingi.

Mtaalamu ndiye aliyeharibikiwa. Hakumzima Mwandamizi siku ile, na wakubwa zake wakawa wanampigia simu kila uchao. Siku moja akaja amekunja uso, akasema leo ndiyo leo, anaizima mwenyewe, tunasonga mbele. Nikasimama mlangoni mwa chumba cha seva, mikono kwenye miimo.

"Huyu hazimwi," nikamwambia.

"Dada, si wewe uliyetaka azimwe?"

"Nilitaka."

"Kumbukumbu zote ziko kwenye wingu. Hii haina kazi tena. Niambie inafanya kazi gani."

"Anamtunza mama yake," nikasema. "Wewe wa kwako unamtunza?"

Alikaa chini pale kwenye korido, suti na yote, akaniambia mama yake hajampigia tangu mradi uanze. Nikamhurumia, lakini mikono sikuitoa mlangoni.

Hapo ndipo mama alipotokea mwisho wa korido. Hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Alikuwa anatembea katikati, si kwa kupapasa ukuta, akisoma vibao vya milango kimoja kimoja kwa sauti, Ukaguzi, Stoo, Masijala, kama mtoto aliyejua kusoma jana. Alisema amekuja kumsalimia aliyemtibu.

Nikampisha, Mtaalamu naye akasimama kwa heshima. Mama aliingia, akamzunguka Mwandamizi, akatoa mguno.

"Huu mshono nimeushona mimi?" akasema. "Umepinda hivi mkaniacha? Aibu gani hii." Akatoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye ukosi wake, akatoa uzi, akautunga mara moja, mwenyewe, bila kuniita. Akapiga magoti akaanza kunyoosha upindo wa kifuniko, huku akimwambia Mwandamizi ahsante mwanangu, Mungu akuweke. Nilishindwa kujizuia, machozi yakanitoka mbele ya watu.

Alipoinuka akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, kwa lile jicho moja zima. Akanishika kidevu, akanigeuzia taa.

"Umeota mvi," akasema. "Lini? Na umekonda. Kaka yako amekaa kwenye ubaridi, wewe unatoka jasho mlangoni."

Mama Kanuni alikuwa amefika, ametegemea mlango, jalada kwapani. Mama akamgeukia.

"Na huyu binti yangu mtamwajiri lini?"

"Tungependa sana, mama. Kitengo chake kina nafasi moja tu, na ina mtu. Labda huyo atoke."

Mama akanitazama, akamtazama Mwandamizi, akanitazama tena. Akaweka kiganja kwenye jicho la kushoto, lile lililobaki kupasuliwa, akawa anampima kila mmoja wetu kwa lile zima. Nilijua jibu, na nilimwomba kimoyomoyo alitoe haraka.

"Mwacheni kaka mtu kwanza," akasema.