Mwiko wa Nasambu

Wewe umewahi kusikia mtu amepelekwa kortini kwa sababu ya mwiko? Basi kaa hapo unisikilize, na usicheke, maana hata hakimu wa Kisumu alianza kwa kucheka.

Ilikuwa mwaka wa themanini na saba. Nasambu, binti wa Kibukusu, alikuwa ameolewa na Oketch wa Kisian, nje kidogo ya Kisumu. Siku moja Oketch akamcheka mbele ya wageni: "Huyu, ugali bado unamshinda. Kuleni tu, sisi tumezoea." Nasambu akapangusa mikono, akatoka na nguo aliyovaa, akaenda kupanga chumba mtaa wa Obunga, Kisumu mjini. Mara tatu alituma watu wamletee vitu vyake. Mara tatu Oketch akajibu, "Havitoki." Ndipo akaenda kortini na orodha: godoro, sufuria nne, taa ya chemli, leso sita, na mwiko.

Mwiko huo alipewa na mama mkwe wake, Amolo, siku aliyopika kwao mara ya kwanza. "Hivi vingine ni vyombo tu," Amolo alimwambia. "Ukitoka hapa na huu, ndoa imekwisha." Na Nasambu alitaka iishe. Obunga nzima ilijua hivyo.

Hakimu akaamuru apewe vyote. Siku ya kutekeleza amri, mwaka mzima tangu aondoke, Nasambu alikuja na karani wa korti, Bwana Laban, na mkokoteni. Njia nzima alikuwa akijipanga kwa vita. Lo! Vitu vyote vilikuwa uani vikimngoja. Sufuria zimesuguliwa kwa mchanga mpaka zinang'aa, leso zimekunjwa pembe kwa pembe, hata kioo cha taa kimefutwa. Akamtazama Oketch, mwanamume ambaye hajawahi kuosha hata kikombe: masizi mpaka kwenye viwiko.

Laban akasoma orodha, akitia alama moja moja. "Mwiko?"

Haukuwemo uani. Laban akamgeukia Nasambu.

"Mama, mwiko nitakuchongea mimi mwenyewe. Twende, jua kali."

"Uko kwa karatasi yako, Bwana Karani. Bila huo siondoki."

Oketch akaingia ndani. Mlango ulikuwa wazi, wote wakamwona akiinua mto wa kitanda, akautoa mwiko hapo chini. Laban akakohoa, akageukia mkokoteni.

"Unalala na mwiko?" Nasambu aliuliza.

"Mwiko ukiwa hapa, hapa bado ni kwako," Oketch akasema. "Ndiyo maana nilikatalia vyote: ningetoa vingine, ungekuja kuudai na huu." Akaunyoosha kwake. "Haya, shika. Korti imesema."

Nasambu akaushika ncha moja. Oketch hakuachia ile nyingine. Tangu Obunga alikuwa na neno lake tayari, neno kali la kumwachia pale uani. Akafungua mdomo alitoe, likatoka jingine kabisa, mwenyewe akashtuka kulisikia.

"Obunga ni mbali wapi, Oketch? Nilitaka unifuate. Mwaka mzima, nilitaka tu unifuate."