Mchele Uliorudi Mlangoni

Mambo aliyopungukiwa Nestori yalikuwa mengi. Sikio la kushoto hakuwa nalo. Yaani lenyewe lilikuwepo, limekaa mahali pake na mvi zake, lakini halikusikia kitu tangu siku ile honi ya kipaza sauti ilipompigia karibu kwenye mkutano wa hadhara. Cheti cha ufundi hakuwa nacho. Aliyoyajua aliyapata kwenye masomo ya jioni na kwa kufungua redio za watu pale Makanyagio, mjini Mpanda. Spika za kufanana hakuwa nazo: mbili alizitoa kwenye baa iliyofungwa, moja kwenye redio ya marehemu kaka yake, na mbili nyingine pamoja na sabufa hata yeye hakukumbuka zilikotoka. Subira hakuwa nayo. Na ulimi laini ndio kabisa. Mkewe Skolastika alikuwa ameshaacha kumwombea hilo.

Ila kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba hakuwa na binti yake.

Upendo alikuwa hai na mzima wa afya, fundi wa sauti Dar es Salaam. Kushika chuma cha kuchomelea waya alifundishwa na baba yake, akiwa bado anasimama juu ya ndoo ili aifikie meza. Mwaka juzi alikuja Mpanda kufunga muziki kwenye harusi ya binamu yake Doto. Nestori alipopewa kipaza sauti awasalimie wageni, akasema, "Huyu fundi nimemfundisha mwenyewe, lakini leo spika zake zinalia kama bati linaloburutwa." Ukumbi ukacheka. Upendo naye akatabasamu, akamaliza kazi yake, na asubuhi akapanda basi bila kunywa chai. Tangu hapo salamu zilipitia kwa mama.

Kumpigia simu Nestori alijaribu. Lakini kwa sikio lile moja, akishika simu hupaza sauti mpaka majirani wanatoka nje, na anayepigiwa hudhani anagombezwa. Upendo alikuwa akijibu, "Haya, baba," kisha mtandao unakatika. Nestori hakujua kama ulikuwa mtandao kweli.

Mavuno ya mwaka huu Upendo alikwenda Majimoto, kwao mama yake, kurekodi misa ya shukrani. Basi lake lilisimama stendi ya Mpanda. Mama alimlaki, wakaenda wote. Baba alibaki nyumbani akitengeneza pasi ambayo haikuwa na haraka.

Ndipo siku moja kifurushi kikafika kwa basi. Ndani mlikuwa na santuri ya DVD na kikaratasi: *Baba, ni ile misa ya mavuno. Nimeipanga kwa spika tano na sabufa, msikilizaji awe kama amekaa katikati ya kanisa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya namna hii. Wiki ijayo inapelekwa kudurufiwa. Naomba uisikilize uniambie. Uniambie polepole.*

Neno hilo la mwisho Nestori alilisoma, akakunja karatasi, akaikunjua, akalisoma tena.

"Anakuuliza wewe," Skolastika alisema. "Mafundi wote waliojaa Dar, anakuuliza wewe."

"Nimeona."

"Basi uone vizuri."

Wakaiweka kwenye deki. Skolastika akakaa kwenye kiti cha katikati ya sebule, mikono mapajani, kama aliyeko kanisani. Nestori hakukaa. Mtu wa sikio moja hawezi kujua sauti inatoka upande gani kwa kukaa, kwa hiyo alizunguka toka spika hadi spika, akiinamisha sikio la kulia na kuweka kiganja juu ya kitambaa cha spika kupima mtetemo.

Padre alisikika vizuri, mbele katikati, kwenye spika ya marehemu kaka. Halafu kwaya ikaanza, na Nestori akasimama wima.

"Kwaya iko wapi?"

Skolastika akaonyesha nyuma ya mgongo wake kwa kidole gumba.

"Kule Majimoto wanaimbia mlangoni siku hizi?"

"Wanakaa mbele, karibu na altare."

"Na wanaume wanakaa upande gani?"

"Ukiingia, kulia. Wanawake kushoto. Tangu mimi mtoto."

"Basi hapa wamehamishana. Sikiliza, hao wanaume wanaitikia huku kushoto." Akapapasa spika kana kwamba anamkamata mwizi.

Ukafika wimbo wa matoleo. Majimoto wana desturi yao: mpunga ukishavunwa, wanawake husubiri nje na nyungo za mchele mpya, na kwaya ikianza wimbo huo huingia kwa mlango mkubwa wakipiga vigelegele, wanapita katikati ya waumini mpaka mbele kwa padre. Ungo unaingia umejaa na kutoka mtupu. Mwanamke akionekana anatoka na ungo uliojaa, shangazi zake wataulizana mwaka mzima padre kamkatalia nini.

Vigelegele vilianza. Skolastika akainua kichwa. Vilianzia mbele, kando ya kabati, vikapita juu ya kiti chake, vikaenda kufifia nyuma, kwenye spika zilizo karibu na mlango wa jikoni.

"Hicho kirefu ni changu," alisema taratibu. "Hicho kinachopanda mwishoni. Baba Upendo, mimi mchele nilimpa padre kwa mikono yangu. Mbona hapa natoka nao?"

"Mmegeuzwa wote," alisema Nestori, na ndani ya sauti yake mlikuwa na kitu kinachofanana na furaha. "Santuri nzima imegeuzwa. Mbele nyuma, kulia kushoto. Hakuna chaneli iliyokaa mahali pake isipokuwa padre."

Akavuta karatasi na kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umeegemea upande mmoja kama alivyofundishwa na mwalimu wa jioni, na siku hiyo ulikwenda mbio. Alipomaliza akasoma kwa sauti: "Upendo. Nimesikiliza. Kanisa lako limesimama kichwa chini. Mtu aliyefunzwa kazi hukagua chaneli zake kabla hajaita watu. Ukidurufu hii, ndugu za mama yako watakucheka kutoka Majimoto mpaka Inyonga."

Skolastika akamgeukia kwenye kiti.

"Ni kweli au si kweli?" Nestori aliuliza.

"Ni harusi ya Doto tena. Tofauti ni kwamba hii umeiandika."

"Kaomba nimwambie."

"Kaomba umwambie polepole. Hii ikimfika, hatatuletea kitu kingine. Na mimi sitakwenda stendi kumchungulia mwanangu dirishani mpaka nife." Akainuka, akaenda mpaka kabatini, akaegemea. "Halafu nikuulize, mzee. Hizi nyaya zako umezikagua?"

"Nyaya zangu?"

"Hili kabati lilikuwa ukuta ule. Mvua ilipovuja tukalisogeza huku. Ulichomoa nyaya zote, ukazirudisha huku unaongea na mteja dirishani."

"Mama Upendo, mimi nafunga spika tangu hujaolewa."

"Ndiyo maana nauliza. Aliyezoea haangalii."

Nestori alitaka kukasirika, ila mkono ulishakwenda wenyewe kwenye boksi la vifaa. Akatoa betri ndogo ya redio. Huo ulikuwa ujanja wake wa zamani: ukichomoa waya wa spika kwenye deki na kugusisha ncha zake kwenye betri, spika iliyo upande wa pili hutoa mlio mdogo, tk, kama mtu aliyegonga jino kwa ukucha. Mlio wenyewe hukuambia waya umefika wapi.

"Kaa pale katikati," alisema. "Jifunge kanga machoni. Mahali utakaposikia, onyesha. Wewe ndiye sikio langu la upande ule."

"Leo umekiri."

"Kaa, mama."

Akachomoa waya uliokuwa kwenye tundu la mbele kushoto, akagusa betri. Tk. Skolastika, kanga usoni, akanyoosha mkono kulia.

"Una hakika?"

"Rudia."

Tk. Mkono uleule, kulekule.

Akagusa wa mbele kulia. Mkono ukaenda kushoto. Wa nyuma kushoto. Mkono ukaenda nyuma kulia. Nestori akachuchumaa pale sakafuni na betri kiganjani. Ule wa nyuma kulia hakuugusa kabisa.

"Mbona umenyamaza?" Skolastika aliuliza kutoka ndani ya kanga.

"Wanaume wa Majimoto hawakuhama. Mimi ndiye niliyewahamisha."

Skolastika akafungua kanga. Angeweza kucheka, na uso ulikuwa tayari, lakini alimwona jinsi alivyokaa, akashuka naye sakafuni kumshikia nyaya. Wakazirudisha moja moja, yeye akisoma maandishi ya kwenye deki, mzee akichomeka. Wakapiga santuri upya. Wanaume wakaitikia kulia, wanawake kushoto. Lakini kwaya ilikuwa bado inaimba mgongoni, na vigelegele vilikuwa bado vinatoka mbele kwenda mlangoni.

"Hilo sasa ni lake," alisema Nestori, na safari hii hapakuwa na furaha yoyote ndani yake. "Kapishanisha za mbele na za nyuma. Alisikilizia kwenye hedifoni, nadhani. Hedifoni inakuambia kulia na kushoto, mbele na nyuma haikuambii vizuri. Hata mimi ningepita hapohapo."

"Unaweza kurekebisha?"

"Kwenye kompyuta ni kazi ndogo. Naweza kuirekebisha na kumtumia iliyo safi."

"Kazi ni ya nani?"

Nestori akaikuna ile mvi ya sikio bovu. "Ni yake," alisema. "Lakini lazima niwe na hakika. Sitamwambia kitu nisicho na hakika nacho tena."

Akahamisha nyaya kwa muda: za mbele akazichomeka kwenye matundu ya nyuma, za nyuma kwenye matundu ya mbele. Santuri ikaanza. Kwaya ikawa mbele, imetanda kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Padre akasema yake katikati. Ukaja wimbo wa matoleo, na Nestori akaenda mlango wa jikoni, akaweka kiganja juu ya spika na kusubiri.

Vigelegele vikaanzia mkononi mwake. Alivihisi kabla sikio halijavipata, vinatetema chini ya vidole, kisha vikamtoka, vikasonga. Skolastika alisimama. Hakuwa na ungo, lakini mikono aliinyanyua kama anao, akatembea na sauti yake mwenyewe kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye kabati, polepole, kwa hatua za misa. Kile kigelegele kirefu kilipopanda, yeye naye alikuwa amefika. Akainamisha mikono, akamwaga mchele usiokuwepo mbele ya deki.

"Mchele umefika," alisema.

Mzee alikuwa bado ameshika spika, ingawa ilikuwa imeshanyamaza.

Ile barua ya kwanza aliichana mwenyewe. Ya pili aliiandika taratibu, akifuta na kuanza upya, naye Skolastika akisonga ugali upande wa pili wa mlango. Alimsomea hivi:

"Mpendwa binti yangu Upendo. Nimesikiliza kazi yako. Kwanza kosa langu: nyaya zangu zilipishana kulia na kushoto, nami nikakulaumu wewe kabla sijazikagua. Mama yako ni shahidi. Pili, kwenye santuri chaneli za mbele zimekaa nyuma, na za nyuma zimekaa mbele. Ukizibadilisha nafasi, zote zitakuwa mahali pake, nimejaribu. Sauti zenyewe hazina doa. Tatu, vigelegele vilipoingia nilikuwa nimeweka kiganja kwenye spika, nikajua wanawake wako wapi bila kutumia sikio. Mimi sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo. Yale ya harusini niliyasema mbele za watu, na nilikosea. Haya unaweza kuwasomea watu popote unapotaka. Ukija tena, shuka Mpanda. Nyaya zangu zinahitaji fundi. Ni mimi baba yako, Nestori."

Skolastika alijifuta macho kwa mkono wenye unga, akasema ni moshi. Akachukua barua na santuri, akavitia kwenye bahasha, akabandika mdomo wa bahasha kwa kipande cha ugali wa moto na kukandamiza kwa kidole.

"Ngoja," alisema Nestori. "Sijamwambia kuhusu besi. Sabufa imezidi kidogo kwenye wimbo wa kuingilia. Mstari mmoja tu."

"Imeshabandikwa."

"Ugali haujakauka."

"Utakauka njiani."

Akaibeba mwenyewe mpaka stendi, mumewe nyuma yake akiwa bado anahesabu hoja zake. Makoye, kondakta wa basi la Dar, alikuwa akifunga mizigo. Akaipokea bahasha, akaitazama ile alama ya kidole kwenye ugali, akamwangalia mzee.

"Hii ya fundi Upendo? Kuna maneno ya kumwambia?"

Nestori alifungua mdomo. Skolastika akamtazama.

"Yote yamo humo," alisema mzee.

Makoye akaitia bahasha kwenye sanduku la mbele, karibu na dereva, akagonga bodi la basi kwa kiganja, na basi likaondoka.