Kinyumenyume hadi Juu

Hapa Coventry, wanaomkumbuka mume wangu Enoch Pargeter humkumbuka kwa kilima kile tu. Acha nieleze ilivyokuwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, karakana nyingi za mtaani kwetu ziliacha baiskeli zikaingia kwenye magari madogo. Enoch naye akaunda lake, jepesi, la watu wawili. Bwana Lovell, muuza magari wa Bristol, aliahidi kuchukua yote tutakayounda, mradi kigari kimpandishe kilima cha nyuma ya kanisa. Bila yeye, tungefunga.

Nilisimama chini ya kilima pamoja na wanaume waliotoka baa kuja kucheka.

"Enoch, umekilisha shayiri kama farasi?" mmoja alipaza sauti.

"Kimeshiba. Wewe mkeo kakulisha?"

Kilifika katikati, Enoch na Lovell wakiwa ndani, kikakohoa, kikazima. Enoch alikuwa ameweka tangi chini ya kiti ili boneti isiinuke, gari lipendeze. Petroli ilitiririka yenyewe, bila pampu, hadi kwenye injini. Pua ya gari ilipoelekea juu, injini ikawa juu ya tangi, petroli ikagoma kufika.

"Yamekwisha, Pargeter," alisema Lovell.

"Bado. Kaa hapo hapo."

Akakiachia kirudi hadi chini, akakigeuza, akakiwasha, akatia gia ya kurudi nyuma. Sasa tangi lilikuwa juu ya injini. Kigari kikapanda, matako mbele, kikinguruma. Wanaume wakacheka zaidi, wakakifuata mbio. Nami nikakimbia, nimeshika kofia.

Kule juu Lovell alijipangusa matope.

"Mteja wangu hawezi kwenda kwa mama mkwe akiwa amempa mgongo."

"Wapo watakaonishukuru."

"Sinunui."

"Ulisema kigari kipande kilima. Kimepanda. Hukusema kitangulize nini."

"Sinunui, Pargeter."

"Basi shuka." Akanigeukia mimi. "Hester, panda, mama."

Tulimwacha pale. Tukateremka tukitazama mbele, Enoch akipiga honi kwenye kila mlango.

Karakana ilifungwa kabla ya Krismasi. Enoch akaajiriwa kiwandani kufunga magurudumu ya magari ya wenzake, kisha vita vikamchukua, hakurudi. Siku ya kujiandikisha jeshini nilikuwa kando yake. Karani alimuuliza kazi yake.

"Muunda magari."

"Wewe si fundi magurudumu pale kiwandani?"

"Andika nilivyokwambia."

Karani alimtazama, akanitazama mimi, akaandika.