Baruti ya Muteti

Katika wanawake wote wa Kitengela, hakuna aliyekuwa jasiri kama Achola. Aliwahi kumfukuza fisi na mwiko mkononi, kule upande wa machimbo ya mawe. Sawa, hakuwa fisi, alikuwa mbwa wa jirani. Na mbwa mwenyewe alikuwa amefungwa. Lakini mwiko ulikuwa mkononi, hilo hakuna wa kulikana.

Basi jasiri huyu, Julai ile ya mwaka 2007, alikuwa anakunywa chai huku ameshika mguu wa meza.

Ardhi ndiyo ilianza. Siku ya kwanza vikombe viligongana vyenyewe kabatini, na wapangaji wa ploti nzima wakatukana machimbo. Kitengela kitu kikitikisika ni baruti ya kupasulia mawe. Watu walishazoea, wanashika sufuria wanaendelea kukoroga. Siku iliyofuata wakatukana tena, ila kwa sauti ndogo. Halafu ikatikisika Jumapili, watu wako kanisani na machimbo yamefungwa. Hapo hakuna aliyetukana.

Shirleen, mke wa mwanawe Elphas, alitoka kanisani moja kwa moja akatoa godoro nje, akafunga turubai kwenye nguzo za kamba ya nguo, akamweka mtoto chini yake. Akasema ndani haingii. Elphas alikuwa Kisumu kikazi, hakuna wa kumbishia. Na Shirleen alikuwa amesoma mpaka fomu four, jiografia akapata B, jambo ambalo Achola aliliona kama ugonjwa usiotibika.

"Mama, chini yetu si udongo na mawe tu mpaka mwisho," alisema akikata sukuma wiki. "Hili tunalokanyaga ni ganda. Ukilipima na dunia yote, ni jembamba kama la yai. Chini yake kuna mwamba wenye moto, moto mpaka unasonga polepole kama ugali mgumu ukisukumwa na mwiko. Na katikati kabisa, chuma."

"Nani alishuka akaona?"

"Hakuna. Wewe ukinunua tikiti si unaligonga usikie ndani? Basi wataalamu wanasikiliza mitetemeko inavyopita ndani ya dunia, wanajua palipo laini na palipo pagumu."

"Na nani analigonga?"

"Linajigonga, Mama. Ganda limepasuka vipande, shuleni tuliviita mabamba, na havitulii. Kwingine vinagongana. Kwetu vinaachana. Hili Bonde la Ufa lote, huko Magadi na kuendelea, ni Afrika inachanika. Redio imesema safari hii ni upande wa Ziwa Natron, hapo tu ukivuka mpaka."

Achola aligeuka kutazama uji jikoni. Utando ulikuwa umeshika juu, mzuri, laini. Kisha kitu kikausukuma kutoka chini. Ukakunjamana, ukachanika katikati. *Phu.* Achola aliufunika haraka, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

Uji hakuunywa tena wiki hiyo.

Lakini kilichomtisha kuliko uji ni kifua cha Melvin. Mjukuu alikuwa na miezi minne, na Julai ya Kitengela, upepo ukitoka kule mbugani, unauma hata ng'ombe. Kufikia Jumanne kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na mbavu zikizama kila akivuta pumzi. Nesi wa kliniki alimpa dawa, akasema mtoto huyu alale mahali pa joto, la sivyo ni nimonia.

"Muingize ndani," Achola alisihi. "Natron iko Tanzania. Baridi iko hapa."

"Nyumba ikimwangukia, nitamwambia Elphas nini?"

"Na baridi ikimchukua, utamwambia nini?"

Shirleen alimvuta mtoto karibu zaidi. Achola akachukua leso yake akaenda machimboni.

Huko kulikuwa kimya. Muteti, fundi wa kulipua mawe na mteja wake wa chapati, alikuwa amekaa juu ya ndoo, mbali na ukuta wa shimo.

"Muteti mwanangu, uje umwambie Shirleen ni nyinyi. Ni baruti yenu. Akuamini, mtoto aingie."

"Mama Elphas, wacha mchezo. Sisi wenyewe tunalala nje." Muteti alipunguza sauti. "Kulipua nakujua. Mtikisiko wetu unatoka juu unashuka. Huu ulitoka chini. Ulinipanda kwa miguu."

Achola alijifunga leso upya kiunoni. Akaikaza.

"Chapati za wiki nzima. Na uje na helmeti, uonekane wa serikali."

Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa Ngong Muteti alipofika na helmeti yake.

"Mama Melvin, pole kwa usumbufu. Hii kelele yote ni yetu. Tumepata mwamba mgumu, tukaongeza baruti."

"Na Jumapili?"

Muteti alimtazama Achola. Achola akakohoa.

"Jumapili ilikuwa ovataimu."

"Na redio?"

"Hiyo redio nayo ilitusikia sisi. Leo lakini tumemaliza. Hakuna kulipua tena."

Melvin alipiga filimbi kifuani. Shirleen alifumba macho, akamfunga shali, akaelekea mlangoni. Hiki ndicho Achola alichokuwa anataka, na sasa kila hatua ya binti yule ilikuwa inamkanyaga yeye moyoni. *Ulinipanda kwa miguu.* Alitaka kusema ngoja. Badala yake akaokota mwiko.

Mguu wa Shirleen ulikuwa kizingitini kuku waliponyamaza.

Halafu ikaja. Ilianza nyayoni, ikapanda magotini, mabati yakaanza kupiga kelele kama yamevamiwa na mawe, na ukuta mzima ukaonekana unafikiria kuanguka. Shirleen aliruka nyuma na mtoto. Ndani, sanduku la chuma la Achola, lile lenye vyombo vya wageni ambalo yeye mwenyewe alilipandisha juu ya kabati, lilishuka kitandani, pale pale Melvin alipokuwa alazwe. Kitanda kikavunjika.

Ikapita. Vumbi likabaki limesimama mlangoni. Melvin akalia kwa nguvu, kilio kizuri, chenye hasira.

"Muteti," alisema Shirleen. "Hiyo nayo imelipuliwa na nani?"

Muteti alikuwa amelala kifudifudi chini ya kamba ya nguo, helmeti ameshika kwa mikono miwili.

"Aki ni Mama Elphas aliniambia niseme!"

Shirleen akageuka. Achola alikuwa ameshafika getini, miguu mitupu, mwiko mkononi.

"Mama, rudi. Shika mtoto. Muweke ndani ya sweta yako, kifua kwa kifua. Ulitaka alale nyumbani? Basi leo wewe ndiye nyumba yake, hapa hapa nje." Kisha akamtazama miguu. "Na ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kukimbia? Mimi?" Achola alimruka Muteti aliyekuwa bado chini. "Nilikuwa naenda machimboni kumwambia Muteti apunguze baruti."