Mbano wa Genowefa

Kila Alhamisi asubuhi, misa ikiisha, akina mama wa kanisa la Wapolandi walishuka jikoni chini ya kanisa kukunja pierogi za kuuza kesho yake. Unajaza viazi na jibini kwenye duara la unga, unabana ukingo kama sambusa, unatumbukiza kwenye maji ya moto. Na kanisa lenyewe lilijengwa hivyo hivyo: wanaume wakitoka zamu ya kiwanda cha chuma wanabeba matofali, wake zao wanakunja na kuuza.

Baadhi ya akina mama hao walishakufa zamani. Walikuja vile vile, wakafunga aproni, wakakaa upande wa jiko, maana baridi huwasumbua. Mtu unamjua kwa mbano wake. Genowefa, mama yake Wanda, alibana mara tatu halafu akasokota pembe. Tangu azikwe alikosa siku moja tu, ana mafua. Ila nyumbani kwa Wanda hakuwahi kufika. Wanda alihama baada ya mazishi, mama hakuijua njia. Basi Wanda alikuwa na Alhamisi tu ya kumwona.

"Unga wako mgumu, Wanda. Utamvunja padri meno."

"Padri meno yake ya bandia, mama."

Halafu askofu akaliuza kanisa. Waumini wachache, alisema, na paa linavuja.

"Mama, wanafunga kesho," Wanda akamwambia. "Twende kwangu. Ni hapa tu, ukivuka reli."

"Kwako nikafanye nini? Madirisha yale juu nimeyakunja mimi, pierogi moja moja. Nani wa kunitoa?"

"Mwache, Wanda," akasema Lodzia, jirani, ambaye bado yu hai. "Akija kwako atakagua makabati."

Wakacheka. Wanda hakucheka sana.

Kijana aliyelinunua akalifanya baa. Mapipa ya bia yakakaa palipokuwa na altare. Kila Alhamisi alikuta pierogi zimepangwa mezani, unga bado mbichi. Hakuuliza, cha bure nani hukataa? Akazitia kwenye orodha ya vyakula.

Ijumaa Wanda akaenda, akaomba kushuka.

"Bibi, huko chini ni wafanyakazi tu."

"Mama yangu yuko huko."

"Najua, bibi. Yuko kazini."

Basi akakaa palipokuwa na benchi lao la misa, akaagiza sahani. Akazigeuza kwa uma, moja baada ya nyingine, mpaka akaiona: mibano mitatu, pembe imesokotwa. Akaifunika kwa kiganja, ikapoa taratibu. Kisha akaila, maana mama hapendi chakula kirudi jikoni.